Shuka la Mkono Mmoja

Wivu wa Twahiru ulijulikana Kamembe nzima, kuanzia msikitini mpaka darajani. Ilisemwa kwamba upepo wa Ziwa Kivu ukiugusa mtandio wa mke wake, yeye huuliza upepo huo ni mtoto wa nani. Ilisemwa pia kwamba aliwahi kumwuza jogoo wake, jogoo mzuri mwenye shingo nyekundu, kwa sababu kila alfajiri aliwika akiwa ameelekea dirisha la Shadia. Hilo la jogoo mtu anaweza kulikataa, lakini Latifu kinyozi aliapa kwamba ni kweli tupu, na ushahidi ni kwamba mnunuzi alikuwa yeye mwenyewe, na alimla na wali.

Twahiru alikuwa fundi cherehani, mtu mfupi, futi ya kupimia shingoni tangu anapoamka mpaka anapolala. Shadia, mke wake, alimzidi urefu kwa kichwa na kilemba chake, na akicheka ndani ya nyumba, watu wa barabarani walitabasamu bila kujua sababu. Mume mwingine angemshukuru Mungu. Twahiru alikuwa akitoka nje kuangalia ni nani waliotabasamu.

Wivu huo haukuota hewani. Mwaka ule nchi ilipopasuka, kila mtu alikimbilia njia iliyokuwa wazi mbele ya miguu yake. Twahiru alikuwa Bugarama, amepeleka ovaroli za watu wa kiwanda cha saruji. Umati ukamzoa kama mto unavyozoa mbuzi, ukamtupa Uvira. Shadia alivuka daraja la Rusizi pamoja na binti yao Umurerwa, akaishia Bukavu, mtaa wa Kadutu, kwa dada yake. Kambi za wakimbizi zilipovunjika na watu wakarudi, mume na mke wakakutana tena Kamembe. Twahiru alikuwa amekonda kama uzi. Shadia alirudi na namna mpya ya kukaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, na wimbo wa Kilingala mdomoni, na kicheko kimoja cha ghafla ambacho hakikuwamo katika vicheko alivyoondoka navyo. Twahiru hakumwuliza alikipata wapi. Na kwa kuwa hakuuliza, alijijibu mwenyewe, kila siku jibu baya kuliko la jana.

Basi Umurerwa akaolewa huko Bugarama, vita ya pili ikawaka ng'ambo, na bega la kushoto la Shadia likaganda.

Mwanzoni liliuma kama jino. Kisha likapunguza kuuma, likakataa kwenda. Shadia akiinua mkono kuchukua sufuria juu ya kabati, mkono ulifika usawa wa kifua ukasimama, kana kwamba kuna mtu ameushika kwa ndani. Kusuka nywele, hapana. Kufunga kifungo cha mgongoni, hapana. Katika swala, mkono wa kulia ulipanda mpaka sikioni, wa kushoto ukabaki mbavuni, na wenzake wakamwambia swala yake inachechemea. Dufu, ambalo alilipiga kuliko wanawake wote wa mtaa ule, likawekwa uvunguni, maana dufu hushikwa juu kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto haukuwa na habari tena ya juu.

Wengine walisema amerogwa. Wengine wakasema amelalia vibaya. Latifu akasema ni mkono uliochoka kumsukuma Twahiru kitandani, na Twahiru hakunyoa kwake mwezi mzima.

Mtu wa kwanza kuitwa alikuwa Nyiramahoro wa Nkanka, mjane wa mvuvi, mwenye mikono kama makasia na sifa ya kuunga mifupa kandokando ya ziwa lote. Twahiru alimpenda kwa sababu mbili: alikuwa na sifa, na alikuwa mwanamke.

"Minakuambia mapema, Maman," Nyiramahoro alisema huku akichochea majani yake jikoni, "bega ni sawa na mtumbwi wenye umekwama kwenye matope. Haubembelezwi. Unavutwa."

Akalikanda bega kwa samli ya ng'ombe na majani ya moto mpaka likalainika, na Shadia akafumba macho kwa raha. Hapo mama wa Nkanka akaketi sakafuni, akaweka kisigino chake kwapani mwa Shadia, akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akavuta kama anayetoa mtumbwi majini.

Ukelele uliotoka haukuwa wa nyumba moja. Wanasema wanajeshi wa ng'ambo, ambao walikuwa wakinywa chai, walijitupa kwenye handaki na bilauri zao. Sambaza waliokuwa juu ya maji walishuka chini, na wavuvi wa Nkanka hawakuambulia kitu mpaka siku ya pili. Lililo la hakika ni kwamba majirani walijaa uani, baadhi wakiwa wameshika mawe, wakidhani ni wezi. Walimkuta Twahiru ameketi kando anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dawa yenye inauma njo yenye inaingia," aliwaeleza, maana njo ya Kamembe ni ndiyo ya kwingine.

"Ingekuwa bega yako ungesema vile?" Shadia alimuuliza huku jasho likimtiririka. Mbele ya majirani wale wote aliapa kwamba hatapiga kelele tena mbele ya mtu, hata wamkate.

Nyiramahoro alikuja tena, na tena. Majani yake yalikuwa rehema, kisigino chake kilikuwa adhabu, na kila baada ya adhabu bega lilijifunga zaidi, kama konokono aliyeguswa. Shadia akawa analala ameketi, ameegemea ukuta. Ndipo siku moja, bila kumwomba mtu ruhusa, akatuma salamu kwa dada yake ng'ambo, na siku ya soko Mulume akavuka daraja.

Mulume alikuwa kine, yaani mtu wa kunyoosha viungo, aliyesomea kazi hiyo na kuifanya katika hospitali moja ya Bukavu mpaka vita ilipoibeba hospitali pamoja na vitanda. Sasa alitembeza mikono yake kwa miguu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kucha safi na harufu ya sabuni. Twahiru aliiona harufu ya sabuni kabla hajamwona mwenye nayo, na hapo hapo akaichukia.

Katika nyumba ya Kiislamu mwanamume wa nje hamgusi mke wa mtu bila mumewe kuwepo. Sheria hiyo ilikusudiwa kumpa mume utulivu. Kwa Twahiru ilikuwa sawa na kumfunga mtu mwenye njaa mlangoni mwa mgahawa. Alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, akatazama.

Mulume alimlaza Shadia chali juu ya mkeka, akauzungusha mkono wake taratibu huku na huku, akasikiliza kwa vidole.

"Papa Twahiru," alisema, "weye ni fundi wa nguo, utaelewa mbio kuliko miye. Ndani ya bega kuko kifuko kinafunika mfupa. Hiki kimesinyaa, sawa shati ya pamba yenye bamefua na maji ya moto. Ukivuta mukono wa shati yenye imesinyaa, itafanya nini?"

"Itachanika," Twahiru alijibu, kisha akakasirika kwa kuwa alikuwa amejibu sawasawa.

"Vwala. Basi hatuvute. Tunasukuma kichwa cha mfupa mule ndani, kidogo kidogo, kifuko kinyooke chenyewe."

Akaukamata mfupa wa juu wa mkono kwa kiganja, akausukuma kuelekea mbele, akangoja. Hakuna kilichobadilika. Akausukuma kuelekea nyuma, kwenye mkeka, akangoja, akaulegeza, akausukuma tena. Kisha akaujaribu mkono kuufungua nje, na mkono ukaenda zaidi ya ulipokuwa ukiishia, kiasi cha upana wa kidole.

"Umeona? Mulango wa huyu maman unafungukia nyuma. Tutapitia huko." Akamgeukia Shadia. "Majani ya yule maman wa Nkanka musiache. Iko mazuri sana, inalainisha. Kisigino tu njo tuage."

Shadia hakulia. Alivuta pumzi ndefu na kuitoa, na kwa Twahiru pumzi ile ilikuwa mbaya kuliko ukelele wote wa Nkanka.

Halafu wakaanza kuzungumza. Mulume alikuwa na desturi ya kumsemesha mgonjwa ili bega lisahau linafanyiwa nini, na kwa kuwa na yeye nyumbani kwake kulikuwa Kadutu, mazungumzo hayakutafutwa mbali. Alimwita Maman Shadia, kwa jina lake, kama watu wa kule wanavyoitana, wakati Kamembe nzima ilimwita Mama Umurerwa.

"Maman Shadia, ile njia ya kupanda toka soko, mvua ikinyesha, unaikumbuka?"

"Yoo! Nani ataisahau ile matope?"

Akacheka. Ghafla, kwa nguvu, kisha kikakatika. Kile kicheko. Twahiru aliinua kichwa kama mbwa aliyesikia hatua za mgeni. Kumbe kicheko kilikuwa na kwao, na kwao kulikuwa Kadutu, na huyu hapa ndugu yake wa mtaa mmoja.

Siku ya pili alimaliza mgomo wake, akaenda kunyoa kwa Latifu, maana mtu mwenye moto kifuani humwendea hata adui mwenye maji.

"Sikia, Papa Umurerwa," Latifu alisema, wembe ukiwa shingoni mwa rafiki yake. "Wa Nkanka alikuwa anamuliza bibi yako, na weye unalala usingizi. Wa Bukavu anamuchekesha, na weye unakonda. Sasa unataka apone, ao unataka alie?"

Twahiru alifikiri kwa uaminifu.

"Nataka apone huku akilia."

"Kaa kimya, nitakukata."

Akiwa bado na sabuni nyuma ya masikio, Twahiru alipata wazo lake kubwa. Mawazo makubwa ya fundi hayatoki kichwani, hutoka mkasini. Alirudi nyumbani, akatandua shuka jeupe la kitanda cha wageni, akalitandaza mezani. Akamwita Shadia, akampima bega, akapima kwapa, akapima mkono pale pale ulipokuwa ukiishia, kisha akaketi kwenye cherehani yake ya kukanyaga na hakuinuka mpaka adhana ya alasiri.

Alichokitoa hakikuwa kimewahi kushonwa na fundi yeyote toka Mururu mpaka Rwimbogo. Lilikuwa shuka zima, la kutundikwa kwenye kamba kama pazia, na katikati yake tundu la kwapa, na kwenye tundu mkono mmoja mfupi wa shati, umewekwa bitana, umekunjwa pindo, mshono mara mbili. Mgonjwa alale upande huu na bega lake lipite tunduni. Kine akae upande wa pili, apewe bega tu, kama mtu anayepimiwa nyama dirishani.

Shadia alilizunguka.

"Hii ni nini?"

"Ni stara."

"Papa Umurerwa. Umenishonea sanda yenye mukono."

"Utaizoea."

Mulume alipokuja, alilitazama shuka, akaupapasa mshono, akasema kwa heshima kwamba hajaona kazi nzuri hivyo hata Bukavu. Kisha akakuna kichwa.

"Tatizo ni moja, Papa. Maman huyu hasemi kama inauma. Mdomo wake unasema endelea, ata kama anaona nyota. Miye nilikuwa natazama uso. Uso ukiwa umetulia, nasukuma. Ukikunjamana, nalegeza. Sasa uso uko kwako, bega iko kwangu. Nitafanya nini?"

Twahiru hakuwa amelifikiria hilo, na hakuwa tayari kuonekana hakulifikiria.

"Nitautazama miye," alisema. "Nikisema bado, unasukuma. Nikisema basi, unaacha."

Hivyo ndivyo kazi ilivyogawanywa. Upande wa kule wa shuka, Mulume na bega. Upande wa huku, Twahiru amepiga magoti, uso wake karibu na uso wa mkewe kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu sana.

"Unanitazama nini?" Shadia alimnong'oneza.

"Si nimeambiwa nitazame?"

Na sasa lazima isemwe alichofanya. Mulume alipoweka kiganja na kuanza kusukuma, Twahiru alisikia kitambaa kikisuguana na ngozi, akaona kivuli cha mikono juu ya shuka lake mwenyewe, kikubwa kuliko mikono yenyewe, na moyo ukamwaka. Uso wa Shadia ulikuwa umetulia kabisa.

"Basi!" akapaza sauti. "Uso umekunjamana!"

"Haijauma," alisema Shadia.

"Anasema haijauma, unasikia? Njo vile anasema kila mara. Lakini uso, Kine, uso umekuwa kama ndizi kavu!"

Mulume alimwamini mume. Ataachaje kumwamini? Akalegeza. Akaanza upya kwa upole, na kabla hajafika popote, "Basi!" ikavuka shuka tena. Siku ile ikaisha hivyo, na siku ya soko iliyofuata, na nyingine. Mulume akawa anasukuma kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha maiti. Bega halikusogea hata kidole. Alikuwa akirudi Bukavu ameinamisha kichwa, anaitazama mikono yake kama watumishi waliomwibia.

Mtaani watu waligawanyika makundi mawili, la wavutaji na la wasukumaji, na kwa Latifu mabishano yalikuwa makali mpaka mteja mmoja akaondoka na ndevu za upande mmoja. Habari ikafika Nkanka. Nyiramahoro akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimesikia hapa banasukuma, banasukuma, bega imekaa palepale. Muntu gani anapiga hodi kwenye bega? Munipe ile mukono siku moja tu."

"Ata miye naona vile," Twahiru alisema haraka, na furaha ilimtoka machoni bila yeye kujua. "Ya kusukuma imeshindwa. Kama ni kuvuta, tuvute."

Shadia alikuwa anachagua mchele. Alisikia maneno, lakini zaidi aliiona ile furaha. Akaweka ungo chini. Akamshukuru Nyiramahoro kwa majani yake, akamfungia sambaza kidogo, akamsindikiza mpaka barabarani. Kisha akarudi, akasimama mbele ya cherehani.

"Twahiru."

Hakumwita Papa Umurerwa. Mguu wa Twahiru ukasimama kwenye kikanyagio.

"Siku zote zile umesema uso umekunjamana. Uso wangu ulikuwa unalala sawa maji ya mtungi. Uongo?"

Twahiru aliokota uzi usiokuwepo kwenye goti lake.

"Nilifikiri macho yako yanakosea tu, na bega ndiyo inanikatalia," Shadia aliendelea. "Ninalia naye usiku, ninamuomba, bega, funguka. Kumbe bega hana kosa. Weye njo unaigandisha. Unajua unachofanya? Yule muntu alituambia, kifuko kikikaa sana kimesinyaa kinazoea. Unataka nibaki hivi, nusu ya bibi, ili asinishike muntu?"

"Kicheko..." Twahiru alianza.

"Kicheko gani?"

Twahiru alikuwa na miaka mingi ya kutouliza, asingeweza kuimaliza siku moja.

"Sawa," Shadia alisema. "Siku ya soko akikuja, utatazama uso wangu na utasema yenye unaona. Ukisema uongo mara moja, moja tu, ninavuka naye. Nitakaa Kadutu kwa dada, anisukume kila siku, na ile shuka yako utajifunika weye."

"Kule kuko vita!"

"Vita iko hapa. Iko ndani ya bega yangu, na weye njo unaileta."

Siku zilizofuata Twahiru alishona mikono miwili ya kulia kwenye koti moja. Alijiona darajani, mfupi, akitazama kilemba cha Shadia kikienda ng'ambo mara ya pili; na mara hii hakuna umati uliomsukuma, ni yeye Twahiru aliyemsukuma.

Siku ya soko Mulume alifika mapema na hakutaka chai.

"Darajani banasema batafunga," alisema. "Wengine banasema leo, wengine kesho. Sijui nitarudi lini. Leo tufike mwisho, Maman Shadia, pale mkono unakataa kabisa, na tukae pale tusukume. Sitakudanganya, itauma. Papa Twahiru, ninategemea macho yako."

Shuka likatundikwa. Bega likapita tunduni. Twahiru akapiga magoti.

Mulume akauinua mkono mpaka ulipogoma. Akaweka kiganja, akasukuma mfupa kuelekea nyuma, akaushikilia hapo. Kivuli kikacheza juu ya shuka. Katikati ya nyusi za Shadia ukatokea mkunjo mdogo, mwembamba kama alama ya kucha kwenye kitambaa, na mdomo wa Twahiru ukafunguka wenyewe tayari kwa neno lake la siku zote. Macho ya Shadia yalikuwa yamemkazia. Hayakuomba kitu. Yalingoja tu kuona.

Twahiru akameza neno lake. Lilishuka kama mwiba wa samaki.

"Bado," alisema.

Mulume akasukuma zaidi. Na kwa kuwa alijua sasa ndipo maumivu yanapoingia, akaanza kumsemesha kama kawaida yake.

"Maman Shadia, ile njia ya soko, ile matope... bado iko vilevile, unajua? Juzi nilianguka miye mwenyewe."

Shadia akacheka. Ghafla, kwa nguvu, kikakatika.

Miaka yote Twahiru alikisikia kicheko kile akiwa barazani, akiwa nyuma ya cherehani, akiwa kwenye kigoda kando ya ukuta. Hajawahi kuwa mbele yake. Sasa alikuwa umbali wa kiganja, na aliona kwamba mdomo ulicheka peke yake. Macho hayakuwamo. Macho yalikuwa yamekwenda mahali, yamefunguka sana, na maji yalikuwa yamesimama ndani yake.

"Kwenye ile matope," Twahiru alinong'ona, "ulikuwa unafanya nini?"

Shadia alimtazama kama mtu anayegongewa mlango aliokwisha kuuziba.

"Nilikuwa nabeba makaa. Makaa ya batu. Siku moja nilianguka nayo, yote ikaenda kwenye maji, na soko nzima ikacheka. Ningefanya nini? Nikacheka na miye. Tangu ile siku inatoka yenyewe."

"Ulikuwa na nani?"

"Na Umurerwa. Na dada. Na weye sikujua kama uko hai ao umekufa." Alivuta pumzi kwa pua, maana kiganja cha ng'ambo kilikuwa bado kinafanya kazi yake. "Njo ile ulikuwa unataka kuuliza? Miaka yote?"

"Papa Twahiru?" Mulume aliita kutoka upande wa pili. "Uso unasema nini?"

Twahiru akaukagua uso ule kama anavyokagua kitambaa juani. Mkunjo ulikuwapo, lakini haukuongezeka. Pua zilikuwa zimetanuka, sasa zinarudi. Mdomo wa juu ulikuwa umekauka. Palikuwa na uchungu, na uchungu ulikuwa unashuka kama maji ya mafuriko yanavyoacha alama ukutani.

"Inauma," alisema. "Lakini inashuka. Bado. Sukuma."

Mulume akasukuma. Ndani ya bega kitu kililegea, polepole, bila kishindo, kama fundo linalokubali kufunguka. Mkono ukaanza kupanda. Ukapita kifua, ukapita shingo, ukaelekea sikioni, na hapo ikasikika sauti ambayo Twahiru hakuwahi kuisikia katika kazi yake, yeye ambaye suruali zake watu wa Mururu walirithishana.

Trrrrrr.

Mishono ya kwapa iliachia. Yote miwili, wa ndani na wa nje. Mpasuko ukafunguka juu na chini ya tundu, na ndani ya mpasuko akatokea Mulume, uso umelowa jasho, amepigwa na butwaa. Shadia akamwona. Mulume akamwona Shadia.

"Bonjuru, Maman," alisema Mulume, kwa adabu tu, kwa kukosa neno jingine.

Wivu wa Twahiru uliruka kama paka aliyekanyagwa mkia. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ukosi wa shati, mahali anapochomeka sindano, tayari kuushona mpasuko.

"Usiguse," Shadia alisema. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umesimama juu ya kichwa chake, vidole vimekunjuka, na yeye mwenyewe alikuwa anautazama kama mgeni aliyefika bila taarifa. "Ulikata ndogo, fundi."

"Nilipima pale ulipokuwa unaishia."

"Sasa unaishia wapi?"

Twahiru aliutazama ule mkono toka chini mpaka juu. Akatoa mkasi mfukoni. Mulume alirudi nyuma kidogo, kwa tahadhari. Lakini Twahiru aliukamata mpasuko, akaukata juu na chini mpaka pindoni, kwa sababu mshono ulioachia nusu ni aibu kuliko tundu, na shuka likaanguka chini vipande viwili.

Sasa hapakuwa na kitu kati yao watu watatu. Mulume aliinua mikono, hajui kama aendelee au akimbilie darajani.

"Endelea," Twahiru alimwambia. "Lakini fumba macho."

Mulume akafumba. Twahiru akainama, akamchungulia kope moja, kisha ya pili, kuhakikisha. Halafu akarudi kwenye uso wa mke wake, ambao sasa ulikuwa umejaa machozi na unajikaza usicheke, akautazama vizuri, bila haraka.

"Bado," alisema. "Sukuma."